Somo la Nne: Ushuhuda wa Jirani na Kidonda Kilichopona Chenyewe

Mtumiaji anayenunua dawa ya magonjwa ya ngono mara nyingi hununua kwanza neno la mtu: fulani wa Kinole aliinywa, akapona. Neno la namna hiyo hushinda tangazo lolote, na wanasaikolojia wameeleza sababu.

Kuanzia miaka ya 1960, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha kwamba binadamu hujifunza mwenendo kwa kuyatazama yampatayo mwenzake, hasa mwenzake anayefanana naye. Fikra hiyo ndiyo iliyozaa mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, huishia kuugua UKIMWI. Msikilizaji wa Morogoro, mji unaopitiwa na malori yaendayo Zambia, hakuhitaji kuelezwa Mkwaju ni mtu wa aina gani.

Linalostahili kuigwa zaidi, kwa maoni yetu, ni namna mchezo huo ulivyopimwa. Hadi mwaka 1995 haukurushwa katika eneo la Dodoma, ili wakazi wake walinganishwe na wasikilizaji wa kwingineko. Watafiti hawakuridhika na sifa za mashabiki. Walihoji watu wa pande zote mbili. Walipoona kwamba penye mchezo wapenzi wamepungua na matumizi ya kondomu yameongezeka, ndipo walipoupa mchezo sifa hiyo.

Ulinganisho ndio unaokosekana katika ushuhuda wa jirani. Chukua kaswende. Kidonda chake cha kwanza, ambacho aghalabu hakiumi, hupotea chenyewe baada ya wiki chache, dawa iwepo isiwepo, ilhali ugonjwa hubaki mwilini. Aliyekunywa mizizi wiki hizo ataapa kwamba imemponya, wala hasemi uongo. Mkewe akiwa mjamzito, huenda mtoto akafia tumboni.

Vijijini Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, neno la bibi kwa mwali lina uzito ambao bango la zahanati halina. Mwelimishaji ampitaye bibi huyo pembeni amejinyima msaidizi bora; bibi akishaelewa habari ya kidonda, ataifikisha mbali.

Basi, muuzaji akikutajia waliopona, muulize walipimwa wapi kabla na baada ya dawa. Kaswende hugunduliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Ukinunua kondomu au kitepe cha kujipima VVU, hakikisha pakiti haijachanika, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Kitepe kikionyesha maambukizi, majibu hayo yathibitishwe kituo cha afya. Na anayetumia dawa za kufubaza VVU asikitumie, kwani chaweza kumpa majibu yasiyo sahihi. Ukitibiwa kaswende, mwenzi wako naye apimwe na kutibiwa, la sivyo atakuambukiza upya.