Kuwasaidia Vipofu Pamoja na Chama cha Lions

Somo: Marko 10:46–52

Katika somo la mwezi huu twataka kufikiri pamoja juu ya jambo ambalo limekwisha kuletwa mara nyingi mbele ya wazee wa kanisa. Kuna vyama vya watu wa mjini, wafanya biashara, walimu wa shule, madaktari na mafundi, ambao hukutana ili wawasaidie wenye shida, wala hawapati mshahara kwa kazi hiyo. Vyama hivyo si vya kanisa. Ndani yake wamo Wakristo, na Waislamu, na Wahindu, na watu wasiokiri dini yo yote. Je, yafaa Mkristo ajitolee kufanya kazi pamoja nao? Wako wasemao kwamba yafaa sana, wako waogopao. Sisi hatutaki kulijibu swali hili hewani, bali tutatwaa chama kimoja, ndicho Lions, na kazi yake moja ijulikanayo sana, ndiyo kuwasaidia vipofu.

Kwanza tulitazame somo lenyewe. Bartimayo alikuwa ameketi kando ya njia, akiomba, wakati Bwana alipokuwa akitoka Yeriko. Alipopaza sauti, wengi walimkemea ili anyamaze. Tuangalie vema: hatuambiwi kwamba hao waliomkemea walikuwa adui za Yesu, walikuwa katika mkutano uliofuatana naye njiani. Neno hili latuchoma sisi tulio katika mkutano hata leo. Kisha Bwana akasimama, akaagiza aitwe. Na mkutano ule ule uliomzuia ukatoa wajumbe wa kumwita na kumtia moyo.

Naye alipofika, Bwana hakumponya papo hapo. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Mtu aweza kusema: Kipofu atataka nini tena, ila kuona? Hata hivyo Bwana aliuliza. Alimpa mwombaji yule, aliyezoea kutupiwa sarafu bila kuulizwa neno, heshima ya kuitaja haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi tupendao kusaidia tunaruka mahali hapa upesi mno, na baadaye tutaeleza hasara tuliyoipata kwa kuruka.

Sasa tuseme juu ya chama. Lions, ambalo maana yake ni Simba, kilianza Chicago katika nchi ya Marekani. Melvin Jones, mtu wa kazi ya bima, alikuwa katika chama cha wafanya biashara waliokutana ili kusaidiana katika faida zao. Akaona haitoshi. Akawataka wenzake wafikiri kama akili na bidii zilizowaletea mali haziwezi kutumika pia kwa faida ya miji yao. Tarehe 7 Juni 1917 wajumbe wa vyama mbalimbali wakakutana Chicago, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wakafanya mkutano mkuu wao wa kwanza mjini Dallas. Miaka mingi kilikuwa chama cha wanaume. Wanawake walifunguliwa mlango wa uanachama mwaka 1987. (Sharika zetu zisicheke juu ya hilo, maana kila moja yajua ni lini mwanamke wa kwanza aliketi katika baraza lake la wazee.)

Kazi ya macho waliipata kwa kuombwa. Aliyewaomba ni Helen Keller, aliyezaliwa mwaka 1880 katika jimbo la Alabama. Alipokuwa na umri wa miezi 19 ugonjwa ulimwondolea kuona na kusikia pia. Mwaka 1887 alikuja kwake mwalimu Anne Sullivan, akamfundisha maneno kwa kuyaandika kwa vidole katika kiganja cha mkono wake, herufi moja moja, hata mtoto yule akafahamu kwamba kila kitu kina jina. Akakua, akasoma, akaandika vitabu. Mwaka 1925 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, katika jimbo la Ohio, akawasihi wawapiganie vipofu, nao wakakubali. Tuuone utaratibu wa jambo hili. Hawakukaa peke yao chumbani wakakata shauri juu ya mahitaji ya vipofu. Asiyeona mwenyewe alisimama akawaambia.

Mwaka 1930, mjini Peoria katika jimbo la Illinois, George Bonham wa chama hicho alimwona kipofu akijaribu kuvuka barabara, na fimbo yake nyeusi haikuonekana vema na wenye magari. Basi yeye na wenzake wakapaka fimbo rangi nyeupe na kuitia ukanda mwekundu, na mwezi wa Desemba mwaka ule baraza la mji likatoa sheria ya kumlinda aichukuaye. Kazi haikuishia hapo. Mwaka 1990 chama kilianzisha mpango uitwao SightFirst wa kuzuia upofu na kuuponya katika nchi nyingi. Lakini sisi twaipenda habari ya fimbo kuliko habari ya mpango, maana rangi nyeupe hata usharika maskini waweza kuinunua.

Je, waogopao wana sababu gani? Husema kwamba katika chama cha namna hii hakuna kuhubiri. Ni kweli. Ni kanuni ya Lions kwamba wanachama wasibishane ndani ya chama juu ya dini wala juu ya siasa za vyama. Lakini kunyamaza katika mabishano si kumkana Bwana. Katika Katekisimo Ndogo, iliyotoka mwaka 1529, Luther aliifafanua amri ya tano hivi, kwamba haitoshi mtu asimwue jirani wala asimdhuru, bali imempasa kumsaidia katika kila shida ya mwili wake. Kila mtoto wa kipaimara hujifunza neno hilo. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba jirani asaidiwe kwa mikono ya Wakristo tu. Msamaria wa Luka 10 hakuwa mtu wa ibada iliyokubaliwa Yerusalemu, naye ndiye Bwana aliyemweka mbele yetu tumfuate. Tena hatusomi kwamba alimwuliza mwenye nyumba ya wageni juu ya imani yake kabla ya kumkabidhi mgonjwa. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa kwa juhudi ya shirika lililotwaa jina la Msamaria huyo, na kila siku humo hulazwa watu wa dini zote.

Basi sisi twasema: Mkristo na aende. Lakini asiende kama mvuvi aendaye kutega, akimshika mgonjwa asiyeweza kukimbia na kumlazimisha kusikia mahubiri kabla ya kutazamwa macho. Akiulizwa sababu ya tumaini lake, na ajibu kwa upole. Wala asikifanye chama kuwa kanisa lake, hata akaacha ibada ya Jumapili na kusema kwamba amekwisha kumtumikia Mungu Jumamosi kwa kubeba mabenchi. Na kwa habari ya picha na vibao vya majina, Mathayo 6:1–4 yatosha.

Walakini hofu yetu kubwa haiko katika chama. Iko kwetu wenyewe, nasi hatuna budi kuungama kosa letu.

Mwaka mmoja wanachama wa mji ulio karibu nasi walituletea habari kwamba watakuja na daktari kupima macho katika shule, nao wakaomba usharika wetu utoe watu wa kujitolea. Tulifurahi. Siku ya Jumapili tulitangaza kanisani, na katika furaha yetu tukasema kwamba vipofu wataona. Hatukuagizwa kusema hivyo, tulijisemea. Watu wakaja wengi. Wako waliokuwa na mtoto wa jicho, yaani ile lenzi iliyo ndani ya jicho imefanya ukungu. Hao waliandikwa kwa upasuaji, na baadaye wengi wao wakaona. Wako waliohitaji miwani ya kusomea tu, miongoni mwao mzee wetu mmoja wa kanisa ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikataa kusoma somo la siku kwa kusema kwamba kifua chamsumbua. Lakini alikuwako bibi mmoja aliyeletwa kutoka mbali, ambaye macho yake yaliharibiwa na presha ya macho. Ugonjwa huo huua mshipa upelekao nuru kwenye ubongo, na kilichopotea kwa njia hiyo hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Daktari alimweleza kwa upole. Kisha wale waliomleta wakaenda kupanga viti kwa ajili ya picha, bibi akabaki peke yake chini ya mwembe.

Mmoja wetu alipomfikia, bibi akasema: “Mwanangu, mngaliniambia kwamba nitatazamwa tu, ningalikuja vile vile. Lakini mliniambia nitaona.”

Hatukuwa na jibu. Ndipo, kwa kuchelewa sana, tukamwuliza ni jambo gani tuwezalo kumfanyia. Tulidhani ataomba chakula au nguo. Bibi akasema anataka kamba. Kila usiku, akitaka kwenda chooni, hana budi kumwamsha mjukuu wake, na mtoto husinzia shuleni. Naye aona haya. Kama ingefungwa kamba kutoka mlangoni mwake hata chooni, angeishika akaenda peke yake. Alikuwa ameifikiria kamba hiyo siku nyingi, wala hakuna aliyemwuliza.

Kwa ajili ya hayo twawaandikia walimu maneno machache ya kazi, kabla ya kuwatoa watu wenu wajitolee.

Msitangaze zaidi ya mlivyoagizwa. Semeni: Daktari atatazama, na wengine wataweza kusaidiwa. Waambieni watu mapema kwamba mtoto wa jicho hauponi kwa matone wala kwa majani, bali kwa upasuaji wa kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine, kazi ambayo kwa kawaida haimalizi nusu saa. Wakatazeni kabisa kutia majani na maji yake machoni, maana wengine waliokuwa wakiona kidogo wamepoteza hata hicho kidogo kwa njia hiyo. Na mtoto mdogo akionekana na weupe ndani ya mboni, asingoje siku ya chama. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu huenda ni uvimbe mbaya wa kuua, au ugonjwa ambao ukikawia humharibia kuona maisha yake yote.

Mfundisheni kila msaidizi jinsi ya kumwongoza asiyeona. Asimkamate mkono ghafula na kumvuta kama mbuzi wa mnada. Amsalimu, ataje jina lake, aulize kama anataka kuongozwa. Akikubali, ampe mkono wake mwenyewe, kipofu aushike juu kidogo ya kiwiko, na msaidizi atangulie nusu hatua. Hivyo asiyeona husikia katika mwili wa mwenziwe kila mahali pa kupanda na pa kushuka. Wakifika penye ngazi, aseme kama ni ya kupanda au ya kushuka. Wakifika penye kiti, auweke mkono wake juu ya mgongo wa kiti, naye ataketi mwenyewe. Akitaka kuondoka, aage. Maana ni aibu kubwa mtu kusema na hewa, akidhani rafiki yake yu hapo. Na fimbo yake isiguswe wala kuhamishwa bila kumwambia.

Tena, kazi haimaliziki gari la daktari liondokapo. Aliyepasuliwa anahitaji matone kwa majuma kadhaa, anahitaji mtu wa kumkumbusha asisugue jicho wala kutia maji machafu, na wa kumrudisha kutazamwa siku iliyoandikwa. Akisikia maumivu, au jicho likawa jekundu, au kuona kukapungua, asingoje siku hiyo. Watu wa chama hukaa mbali, nao wana kazi zao. Jirani ni sisi. Yafaa mwalimu awe na daftari, na kwa kila jina la mgonjwa liandikwe jina la msharika mmoja aliyekubali kumwangalia, tena nyumba zao ziwe karibu. Kama jirani wa karibu ni Mwislamu naye yuko radhi, jina lake liandikwe vivyo hivyo. Na wale walioambiwa kwamba hawataona waandikwe katika ukurasa wa kwanza, wasiachwe wa mwisho. Kisha waendewe nyumbani na kuulizwa.

Kamba ya bibi ilifungwa Jumatano iliyofuata. Vijana wanne walichimbia nguzo sita, mmoja wao mtoto wa mwanachama wa Lions aliyekuja na baba yake kutoka mjini, na bibi mwenyewe alisimama mlangoni akawaelekeza urefu wa kamba kwa kupima penye nyonga yake. Waliifunga ya katani, nayo katani huoza kwa mvua. Imekwisha kubadilishwa mara mbili, na zamu ya masika haya imeandikwa katika daftari.