MAFUNZO YA MOTOKAA: KUBADILI PLAGI NA KOILI

Injini haiendi kwa petroli peke yake. Petroli ikiisha kuchanganyika na hewa ndani ya silinda, hapana budi iwashwe kwa cheche, tena kwa wakati wake barabara. Hiyo ndiyo kazi ya plagi. Lakini umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, hauwezi kuruka pengo la plagi. Kwa hiyo koili huuzidisha hata ukafika volti elfu nyingi. Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde moja. Basi si ajabu vyombo hivi vikichakaa.

Zamani gari lilikuwa na koili moja tu. Magari mengi ya siku hizi yana koili juu ya kila plagi. Somo letu lahusu injini ya 1NZ-FE yenye silinda nne, iliyomo katika Toyota Probox nyingi zinazochukua abiria na mizigo katika barabara za Kenya.

DALILI ZA UGONJWA. Injini hutetemeka gari lisimamapo, hukosa nguvu mlimani, hula petroli kupita desturi, na taa ya injini huwaka. Taa hiyo ikipepesa, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua hupita katika bomba la moshi, ikaungua humo na kuharibu chombo cha kusafishia moshi, ambacho ni ghali mno.

KUTAFUTA KOSA. Wenye magari wengi hununua koili nne kwa kubahatisha, na ugonjwa ukabaki pale pale. Afadhali kwanza fundi asome alama ya kosa kwa kipimo chake. Alama P0303 maana yake silinda ya tatu haiwaki sawasawa; haisemi kwamba koili imekufa. Silinda huhesabiwa kuanzia upande wa mkanda wa feni. Badilishana mahali koili ya tatu na ya pili, ufute alama, kisha uendeshe gari. Alama ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina hatia: jaribu plagi kwa njia iyo hiyo, kisha fundi apime njia ya petroli na mbano wa silinda. Usithubutu kung'oa koili injini ikiwa yaenda, kwani umeme wake waweza kukudhuru.

KAZI YENYEWE. Kwanza, ngoja injini ipoe kabisa, maana kichwa chake ni cha aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi zikiwa moto. Fungua waya wa betri wa upande wa hasi. Pili, bonyeza kishikizo cha soketi ya koili uichomoe, bila kuvuta waya. Fungua bolti kwa sipana ya namba 10, zungusha koili kidogo huku na huku, uivute juu. Tatu, puliza vumbi lililomo shimoni kabla ya kulegeza plagi, lisije likaanguka ndani ya silinda. Nne, ing'oe plagi, uzipange zote kwa taratibu ya silinda zake.

Sasa zitazame. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi au moto dhaifu. Oili kwenye ncha yaonyesha kwamba injini inakula oili. Plagi mpya haitaiponya. Bali oili ikiwa shimoni tu, nje ya silinda, mpira wa kifuniko cha injini ndio unaovuja.

Tano, pengo la plagi mpya liwe kama milimita 1.1, ya iridiamu usiigonge wala usiipinde. Ianzishe kwa mkono tu. Ikikataa, itoe uanze tena. Anayelazimisha kwa sipana hukata nyuzi za kichwa, na shilingi chache za plagi zikageuka gharama kubwa. Ikiisha kugota kwa mkono, plagi mpya yenye washa huongezwa yapata nusu mzunguko. Kwa sipana ya kupimia, ni nyutoni-mita 18. Sita, shindilia koili mpaka ikae, kaza bolti kwa kiasi, na urudishe soketi mpaka ilie.

Plagi za kawaida hubadiliwa yapata kila kilomita 20,000, na za iridiamu yapata kila kilomita 100,000. Jihadhari na plagi za bandia zinazouzwa kwa bei ya kushangaza. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Na upishi wa injini haukosi kuvunjika ukiwa njiani, mbali na fundi.