"Mchele" Kwenye Kinywaji: Usidhani Amelewa Tu

Katika baa na kumbi za starehe humu nchini, "mchele" ni jina la mtaani la dawa za kupumbaza zinazotiwa kisiri kwenye kinywaji cha mtu ili aibiwe au anajisiwe. Waathiriwa ni wanaume kwa wanawake, na wengi hunyamaza kwa aibu. Hata hivyo, hatari kubwa si kupoteza simu na pesa. Anayeachwa "alale pombe iishe" anaweza asiamke.

Dawa hizi hufanyaje kazi?

Nyingi ni dawa halali za hospitali, kama vile diazepamu, lorazepamu na flunitrazepamu. Daktari huziagiza kwa kipimo maalumu, kwa mfano kutuliza degedege au wasiwasi mkubwa. Kuziuza bila agizo la daktari ni kuvunja sheria.

Dawa hizi hupunguza kasi ya ubongo, na pombe nayo hufanya vivyo hivyo. Zikichanganyika, pumzi hupungua na koo hulegea. Mtu akitapika akiwa amelala chali, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kumbukumbu pia hupotea: mtu anaweza kutembea, kuzungumza na hata kutaja nambari yake ya siri, kisha asikumbuke lolote kesho yake.

Dalili za kuangalia

• Kulewa ghafla kuliko kiasi alichokunywa
• Ulimi mzito, kuyumba na kuchanganyikiwa
• Usingizi mzito, kupumua polepole au kwa kukoroma

Usitegemee rangi wala ladha ya kinywaji. Mara nyingi hakionyeshi tofauti yoyote.

Ukimkuta mtu katika hali hii

1. Piga 999 au 112, au mkimbize kituo cha afya kilicho karibu.
2. Mlaze kwa ubavu na uangalie anavyopumua. Usimwache peke yake.
3. Usimpe maziwa, kahawa wala maji, na usimtapishe. Anaweza kupaliwa.
4. Usimkabidhi kwa mtu usiyemjua, hata akidai ni rafiki yake.

Saa ni muhimu

Baadhi ya dawa za kupumbaza hutoka mwilini haraka, nyingine kwa saa chache tu. Mweleze mhudumu wa afya unachoshuku, na uombe sampuli ya mkojo na damu ichukuliwe mapema. Kama kinywaji kimebaki, kihifadhi. Aliyenajisiwa asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72. Msaada wa dhuluma za kijinsia hupatikana bila malipo kwa nambari 1195.

Piga ripoti polisi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kumpumbaza mtu kwa dawa ili kutenda kosa kunaweza kumpeleka mhalifu jela maisha. Sheria ya Makosa ya Kingono inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayefanya hivyo ili kumnajisi mtu.

Kinga

Funguliwa chupa yako ukiona. Ukiacha kinywaji mezani, agiza kingine. Nendeni pamoja, mrudi pamoja. Wenye baa na wahudumu wa bodaboda, nyinyi ndio macho ya usiku: mkiona mtu anaburutwa akiwa hajitambui, ulizeni, kisha pigeni simu.

Kuwekewa mchele si kosa la aliyewekewa.