Mti Umetoka Wapi?

Waulize wanafunzi wa sekondari: ule mwembe wa nje ya darasa, wenye uzito wa tani kadhaa, umejengwa kwa vitu vilivyotoka wapi? Wengi watajibu, “Kwenye udongo.” Wameshasoma usanisinuru, na mlinganyo wake wanauandika bila kosa. Lakini mlinganyo uko kwenye daftari. Kichwani umebaki udongo.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980), alionyesha kwamba mtoto hujenga maarifa mapya juu ya yale aliyo nayo tayari. Akikutana na jambo lisiloingia humo, ana kazi ya kuyapanga upya anayoyaamini. Ni kazi nzito. Mara nyingi huikwepa: jambo hilo hulikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Na imani ya udongo ina sababu zake. Mizizi imo ardhini, mbolea hunawirisha mahindi. Mwalimu akisema tu “umekosa”, hajaing’oa. Aichukulie kwa uzito, aiulize: kama mti hula udongo, si udongo ungepungua?

Mwanakemia Jan Baptist van Helmont alilipima hilo. Alipanda mche wa mwerebi wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo uliokaushwa, akawa anaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169. Udongo? Ulipungua wakia 2 hivi tu. Kabla ya kulitaja jibu hilo, kila mwanafunzi aandike makadirio yake, maana asiyebashiri hana cha kushangaa.

Van Helmont akahitimisha kwamba mti wote ni maji. Darasa nalo litahamia huko, na liachwe likae hapo kidogo. Kisha kuni zilizokauka ziletwe, zipimwe, zichomwe. Maji yameshatoka kwa sehemu kubwa, ila kuni bado nzito. Zikiungua hubaki mkaa, kisha majivu ya kujaza kiganja. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Imetoka wapi?

Hapa mwalimu aseme. Siwaelewi wanaodhani mbinu hii humkataza kufundisha: kutoka kitabu cha van Helmont cha 1648 hadi vipimo vya mwanakemia de Saussure vya 1804, vilivyolithibitisha jibu, ilipita zaidi ya karne moja na nusu, na kipindi ni dakika 40. Majani hufyonza hewa ukaa, na kwa nguvu za jua huunganisha kaboni yake na maji kuwa sukari, ambayo mti huigeuza kuwa mbao.

Mmoja atanyoosha mkono: “Mbolea basi ya nini?” Swali hilo haliulizwi na aliyekariri. Udongo hutoa naitrojeni, fosforasi, potasiamu: kiasi kidogo, lakini bila hicho jani haliwezi kuitengeneza hiyo sukari. Kuni zilipoungua, naitrojeni ilipaa na moshi. Potasiamu imo kwenye yale majivu.