Tanuri jipya la kuni lisiwashwe kwa pupa

Kikundi kinapomaliza kujenga tanuri la kuni la kuokea mikate, hamu huwa moja: kuwasha moto siku hiyo hiyo na kuona mkate wa kwanza ukitoka. Hamu hiyo ndiyo hupasua matanuri. Ikiwa akiba ya chama imeishia kwenye matofali na mchanga, wiki chache za subira ni nafuu kuliko kujenga upya.

Sababu ni maji. Ukuta unaweza kuonekana mkavu kwa nje huku ndani ukiwa bado umebeba maji yaliyokandia udongo. Moto mkali ukiwashwa, maji hayo huchemka kabla ya kupata njia ya kutokea, na yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Mvuke usipopata tundu hujitobolea wenyewe: kuba hupasuka, na wakati mwingine vipande vya tofali huruka.

Kwa hiyo liache tanuri likauke kwa wiki 1 au 2, mlango ukiwa wazi, chini ya mabati au turubai lisiloligusa ili hewa ipite. Wakati wa masika, ongeza siku.

Kisha washa moto mdogo kila siku kwa siku 5 hadi 7. Siku ya kwanza tumia vijiti tu, vya unene wa kidole, katikati ya sakafu wala si kando ya ukuta. Vichochee kwa saa 4 au 5, halafu uache moto uzime wenyewe. Ndimi za moto zisifike kwenye kuba. Siku ya pili ongeza kidogo, ya tatu kidogo tena. Kuni nene zingoje siku ya tano. Usiruke siku kwa kuwa eti jua ni kali.

Ukiona kuba likitoa jasho kwa nje, usishtuke, ni maji yanatoka. Makaa yakishazima na tanuri likiwa bado na joto, shikilia kifuniko cha sufuria kilicho baridi mdomoni mwake. Kikipata umande, bado.

Nyufa nyembamba kama uzi ni za kawaida. Ufa unaoingia sarafu uzibwe tanuri likishapoa, kwa mchanganyiko ule ule wa udongo na mchanga uliojengea. Mafundi wengine watakushauri saruji. Ile ya kawaida haifai, kwani joto kali huivunjavunja. Na usimwagie maji tanuri lenye moto, hata kama una haraka ya kwenda nyumbani.

Kuni ziwe kavu na zilizopasuliwa. Mbao zilizopakwa rangi ziache. Vipande vya nguzo za stima navyo hupatikana kwa bei ya kutupa, lakini vimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu. Tanuri lenyewe likae nje au kwenye banda lililo wazi pande zote, kwa maana moshi wa kuni hubeba kaboni monoksidi, hewa inayoua bila rangi wala harufu.

Siku ya mwisho washa moto kamili. Masizi yaliyopaka kuba yakiungua na matofali kuonekana meupe, joto limekolea. Ondoa makaa, fagia sakafu, nyunyiza unga kidogo. Ukiwa mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia baada ya nusu dakika hivi, ingiza mikate.

Kabla ya kuuza, kikundi kiwe na leseni ya biashara ya kaunti, na kila anayeshika unga awe na cheti cha afya, ambacho hufanyiwa upya kila miezi 6. Mwite afisa wa afya ya umma mapema akague mahali pa kuokea, wakati tanuri bado linakaushwa, ili siku hizo za moto mdogo zisipite bure.