Mchezaji Hauzwi: Kitenzi 'Kuuza' katika Mjadala wa Kandanda
Barazani Mambrui, aghalabu vijana hujadiliana: chipukizi hodari auzwe bei gani? Makala haya yanahoji kitenzi chenyewe. Mathalani, Victor Wanyama alipohama Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, akiwa na miaka 22, zilitajwa pauni milioni 12.5. Kilicholipiwa ni mkataba, si mtu. Mambrui, ambako watumwa walilimishwa mashamba katika karne ya 19, tofauti hii ina uzito. Aidha, 'kuuza' humficha mlezi: kanuni za FIFA huvitengea vilabu vilivyomfunza mchezaji, tangu miaka 12 hadi 23, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa. Hivyo basi, tuseme 'ada ya uhamisho', na vilabu vyetu viandikishe chipukizi mapema, kwani mgao hufuata kumbukumbu.