Chanjo ya Surua: Kwa Nini Mtoto Hurudishwa kwa Dozi ya Pili

Katika kaya nyingi chanjo huhesabiwa kuwa ni aina ya dawa, na kutokana na dhana hiyo huzaliwa maswali yanayosikika kila mara kliniki: mtoto asiyeumwa anachomwa sindano ya nini, na ikiwa alikwishachomwa, kwa nini arudishwe tena. Dawa hupambana na ugonjwa uliokwishaingia mwilini, ilhali chanjo humpa mtu mwenye afya kimelea kilichouawa au kudhoofishwa, ama sehemu tu ya kimelea hicho, ili mwili ujifunze kukitambua na kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zitakazokinasa kimelea halisi kikija.

Chanjo ya surua na rubella, ambayo nchini Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akifikisha miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, inaonyesha vizuri chanzo cha mkanganyiko huu. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopata kwa mama yake akiwa tumboni, nazo, ingawa humlinda katika miezi ya mwanzo, huweza pia kuviangamiza virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wake haujajifunza lolote, ndiyo maana sindano hii haitolewi pamoja na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hata katika miezi 9 kingamwili hizo huwa hazijawaishia watoto wote, hivyo takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga kwa dozi ya kwanza, na 15 wanaobaki hawawezi kutambuliwa kwa macho, kwani nao wamechomwa, kadi zao zimejazwa na wanacheza kama wenzao. Dozi ya pili, basi, si kiraka cha kinga iliyochakaa. Hasa ni nafasi ya hao 15, na hakuna mzazi anayeweza kujua kama wa kwake ni mmoja wao.

Homa nayo hutafsiriwa vibaya. Kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano, virusi vilivyodhoofishwa vinapozaliana kidogo mwilini, baadhi ya watoto hupata homa na pengine vipele hafifu, na mzazi akaamini kuwa sindano imeleta surua. Hali hiyo huisha yenyewe kwa siku chache, wakati surua halisi huweza kuleta nimonia, kuharisha, upofu na hata kifo. Hata hivyo, mtoto mwenye degedege au homa isiyoshuka apelekwe kituo cha afya bila kusubiri, kwa sababu huenda ni malaria, na chanjo ya surua haimkingi nayo.

Mtoto aliyepitwa na tarehe ya miezi 18 apelekwe kliniki na kadi yake mapema iwezekanavyo. Dozi ya kwanza haipotei kwa kuchelewa, wala hatahitaji kuanza upya.